Neno Lililonirudisha Zizini

Mzee alisimama taratibu, akavua miwani, akasema, "Mwenyekiti, naomba mwongozo wako. Hapa ukurasa wa kumi na moja imeandikwa kwamba sisi maafisa wa wilaya tuna tabia ya kujificha. Mimi nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Naomba aliyeandika anitajie siku moja tu niliyojificha."

Ilikuwa Arusha, mwezi wa kumi mwaka 2007, katika ukumbi uliojaa watu waliokuja kujadili ripoti ya huduma za mifugo katika wilaya za kaskazini. Mtaalamu aliyeiandika kwa Kiingereza alimwinamia jirani yake aelezwe kinachosemwa, kisha nikaona uso wake unabadilika. Akasema yeye hakuandika kitu kama hicho. Macho ya ukumbi mzima yakamwacha yakaja kwangu, maana aliyeigeuza ripoti ile kuwa Kiswahili ni mimi, na nilikuwa nimekaa mstari wa tatu.

Mwenyekiti akasema ni makosa ya tafsiri, tuendelee. Mzee yule hakunitazama. Aliikunja nakala yake mara mbili, akaitia katika mfuko wa kaunda suti yake, akakaa. Nikiikumbuka siku ile naiona mikono yake ikikunja karatasi.

Neno lenyewe lilikuwa "hidebound". Mwandishi alilitumia kuwaeleza maafisa wa wilaya, nami nilikuwa sijawahi kukutana nalo. Nilikuwa na miaka miwili katika kazi ya kufasiri, napokea kila kinachonijia, leo mwongozo wa chanjo, kesho mkataba wa pango, na ripoti ile ya kurasa zaidi ya arobaini nilipewa siku nne. Kamusi niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, neno halikuwamo. Nikalikata katikati. "Hide" nililijua tangu shule ya msingi: kujificha. "Bound" nililijua kutoka magazeti ya Kiingereza, yanayoandika "Nairobi-bound" kwa basi liendalo Nairobi. Nikaunganisha vipande nikapata watu walio safarini kwenda kujificha. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimelalamika kwamba wafugaji wakifika ofisini hawakuti mtu, kwa hiyo maana yangu ilikaa mahali pake bila kunishtua. Kosa lililokaa vizuri ndilo gumu kuliona.

Jioni ile nilikwenda kwa mwenzangu aliyekuwa na kamusi kubwa, ile ya kubebwa kwa mikono miwili. Ikaniambia kwamba "hidebound" ni mtu wa mawazo finyu, aliyejifunga kwenye mazoea na kanuni, asiyekubali jambo jipya. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilieleza asili. Kiingereza kina "hide" zaidi ya moja zinazofanana kwa sauti na kwa maandishi. Moja ni kitenzi cha kuficha, iliyotokana na "hydan" ya Kiingereza cha kale. Nyingine ni ngozi ya mnyama mkubwa, iliyotokana na "hyd". Na "bound" nazo zinazohusika hapa ni mbili. Ile ya basi la Nairobi ilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zamani, na maana yake ilikuwa mtu aliyejiandaa, aliye tayari kuondoka. Ya pili ni ya kufunga, kama unavyofunga mzigo kwa kamba. Mimi nilichukua "hide" isiyo yenyewe na "bound" isiyo yenyewe. Nilikosea kushoto na kulia.

Sasa nilikuwa na vipande sahihi: ngozi, na kufungwa. Ungedhani hapo nimefika. Lakini vipande sahihi havikunizuia kujenga nyumba isiyokuwapo.

Siku zile nilikuwa napeleka mikataba katika ofisi ya wakili mmoja, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na vitabu vya sheria vilivyojalidiwa kwa ngozi ya kahawia, maandishi ya dhahabu ubavuni. Nikavitazama nikasema moyoni: hilo ndilo neno langu. Kilichofungwa kwa ngozi ni kitabu. Mtu "hidebound" ni mtu asiyetoka nje ya kitabu chake, yeye na kanuni zilizoandikwa, basi. Ilipendeza mno. Nilipoombwa mwaka 2008 kuzungumza na vijana waliokuwa wanaanza kazi ya kufasiri, niliwaeleza habari hiyo ya vitabu kama kitu nilichokisoma mahali. Walikuwa kumi na mmoja. Binti mmoja aliyekaa mbele aliandika kila neno langu katika daftari lenye mistari, na hadi leo sijui yuko wapi nimrekebishie.

Aliyenishika ni mzee mmoja Mkenya, mhariri wa siku nyingi, aliyekuwa akipitia kazi zangu na kunipigia simu kutoka Nairobi kila aonapo jambo. Nilimsimulia habari ya vitabu kwa furaha. Akanyamaza kidogo.

"Umeisoma wapi hiyo?"

"Nimeifikiria tu, mzee."

"Basi iache huko huko ulikoifikiria. Hilo ni neno la mifugo, binti yangu. Na wewe baba yako si bwana mifugo? Muulize ngozi ya ng'ombe aliyekonda inakuwaje."

Sikumuuliza. Nilikuwa na kazi nyingi, na sikuona baba yangu, asiyependa kabisa kusoma Kiingereza ila kile cha dawa na mwongozo wake mmoja, angenisaidia nini kuhusu neno la Kiingereza. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyekuwa na jibu alikuwa akinipigia simu kila Jumapili.

Kisha ukaja mwaka 2009.

Watu wa kaskazini hawahitaji kukumbushwa. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu, na kufikia katikati ya mwaka Longido, Monduli na Ngorongoro zilikuwa vumbi tupu. Baba alikuwa kituo chake cha mwisho kabla ya kustaafu, Longido. Mwezi wa tisa nilipanda gari la Namanga kwenda kumwona, na njiani tulipita mizoga kando ya barabara, mingine imekauka hata mbwa hawaigusi. Wanaume wenye nguvu walikuwa wamehama na mifugo kutafuta majani mbali. Walioachwa nyuma ni wazee, kina mama, watoto, na ng'ombe wasioweza kutembea.

Asubuhi ya pili baba aliniambia twende wote. Tukafika boma moja chini ya mlima kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na ng'ombe jike, mweupe mwenye madoa mekundu, amelala kifudifudi, na watu wanne wamemzunguka. Mmoja alishika mkia, mmoja pembe, wawili wakapitisha mti chini ya tumbo. Wakahesabu, wakamnyanyua. Ng'ombe aliyelala muda mrefu hawezi tena kuinuka mwenyewe, na asiponyanyuliwa anafia pale pale, kwa hiyo kila alfajiri walianza siku hivyo, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Alisimama akitetemeka, miguu imepanuka. Nundu yake ilikuwa imesinyaa na kuangukia upande kama mfuko mtupu.

"Mama, njoo ushike hapa," baba akaniita. Hivyo ndivyo ananiita tangu utoto.

"Abee, baba."

"Weka mkono hapa nyuma ya bega, kwenye mbavu. Mfinye ngozi uivute."

Nimekua na ng'ombe. Najua ngozi ya ng'ombe mzima ilivyo: unaifinya inakuja mkononi kama kitambaa kizito, inateleza juu ya mbavu, ukiiachia inarudi mahali pake mara moja. Kwa aliyepungukiwa maji inakuja lakini inachelewa kurudi, ule mkunjo unabaki umesimama, na baba alikuwa akihesabu kimoyomoyo mpaka ulale. Huyu hakuwa na mkunjo. Nilifinya, vidole vikateleza. Nikafinya tena kwa kucha. Hapakuwa na kitu cha kushika. Ilikuwa kama kujaribu kuinua rangi ukutani.

"Umeona?" baba akasema. "Ngozi imeganda. Hapa katikati hapana kitu tena."

Alitoa daftari lake akaandika L na alama ya kutoa. Ule mwongozo wake mmoja ulikuwa wa kupimia hali ya mwili wa ng'ombe wa nundu, uliochapwa mwaka 1986 na kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa Addis Ababa. Una madaraja tisa. L ni waliokonda, M wa kati, F walionona, na kila herufi ina ya kutoa, ya kawaida na ya kujumlisha. L ya kutoa ni ya mwisho chini kabisa, mnyama ambaye mkaguzi wa nyama atamkataa akiwa bado anapumua. Katika daftari lile nilihesabu ukurasa mzima wa L za kutoa.

Akanieleza huku anapima wa pili. Ng'ombe akikosa malisho anaanza kujila mwenyewe. Anaanza na mafuta yaliyo chini ya ngozi, kisha yale ya tumboni na yanayozunguka figo, na mwisho kabisa anafikia uboho ndani ya mifupa. Ngozi haikuwa imekaza kwa ugumu wake. Kilichokuwa kinaitenga na mbavu ndicho kilichoondoka, ikabaki haina pa kukaa isipokuwa juu ya mfupa.

Mama mwenye boma akaja na bakuli la unga wa mahindi, unga wa watoto wake, akitaka kumpa ng'ombe. Baba akamzuia kwa upole. "Kidogo sana, mama. Tumbo lake limesahau. Ukimjaza leo kwa huruma, kesho hatakuwapo. Mpe majani makavu kwanza, hata ya paa." Ni kweli, tumbo la ng'ombe aliyeshinda njaa likipokea nafaka nyingi kwa ghafla linachachuka na kumuua. Yule mama alisimama na bakuli lake, hajui alirudishe ndani au alishikilie.

Ng'ombe yule alikufa siku ya tatu. Nilikuwa bado Longido.

Ndani ya gari la kurudi Arusha ndipo maneno mawili yalipokutana kichwani mwangu: ngozi iliyofungwa, ngozi imeganda. Nikampigia mzee wa Nairobi kabla hatujafika Oldonyo Sambu. Akasema tu, "Ehee."

Tangu hapo nikalifuata neno lile mpaka kule lilikotoka, kwa miaka, kila nilipopata nafasi ya maktaba. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa London mwaka 1755, analieleza kwanza kwa farasi: ngozi yake imeng'ang'ania mbavu na mgongo kiasi kwamba huwezi kuivuta kwa mkono ukaitenga. Soma tena hapo kwenye mkono. Katika kamusi ya mwanazuoni wa London kulikuwa na vidole vya mtu wa zizini, vinafinya. Karibu karne mbili kabla ya Johnson, vitabu vya Kiingereza vya matunzo ya farasi vilikuwa tayari vinaeleza ugonjwa huo kwa mtindo ule ule.

Na nyuma zaidi ya hapo yuko Columella. Alikuwa Mrumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, mzaliwa wa Gades, mji ambao leo ni Cádiz huko Hispania, na aliandika vitabu kumi na viwili juu ya kilimo. Cha sita ni cha ng'ombe na wanyama wakubwa. Humo anasema kuna tauni mbaya ya ng'ombe ambayo watu wa shamba wanaiita "coriago", jina lililotokana na neno la Kilatini la ngozi: ngozi inashikamana na mgongo hata ukiikamata kwa mikono haitoki mbavuni. Anataja sababu zake. Ng'ombe amekondeshwa na maradhi, au ametoka jasho kazini akapigwa na baridi, au amenyeshewa akiwa amebeba mzigo. Kisha anatoa tiba: chemsha majani ya mti uitwao laureli, mkande mgongo kwa maji hayo ya moto, mpake mafuta na mvinyo kwa wingi, halafu ikamate ngozi yake kila mahali uivute, uivute, na yafaa kufanya hivyo nje, juani, jua likiwa kali.

Nilimsomea baba kifungu hicho kwa simu, nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa kuvuta ngozi.

"Huyo alikuwa bwana mifugo," akasema. "Tena wa zizini, si wa mezani. Na huo mvuto wa juani una maana, unaamsha damu. Ila bila malisho anajisumbua."

Bila malisho anajisumbua. Nimelibeba neno hilo la baba kuliko yote niliyoyasoma.

Maana neno halikubaki zizini. Mwaka 1643 Bunge la Uingereza liliweka sheria kwamba hakuna kitabu kitakachochapwa bila kibali cha mkaguzi. Mwaka uliofuata, 1644, mshairi John Milton akatoa kijitabu cha kuipinga, "Areopagitica", na humo anamsema mkaguzi anayefuta na kubadilisha kila kisicholingana na ile tabia yake "hidebound" ambayo yeye mwenyewe anaiita busara. Kwa hiyo zaidi ya karne tatu na nusu kabla ya ripoti yangu, neno la mbavu za mnyama lilikuwa tayari limekaa kwenye kiti cha ofisi likishika mhuri. Nilipoliona pale nilishusha pumzi. Mwandishi wa ripoti alikuwa anatembea njia iliyokwisha kukanyagwa sana.

Johnson anaongeza maana mbili nyingine zilizonipa shida nzuri. Anasema neno hilo lilitumika kwa mtu bahili. Hiyo Mswahili anaipokea bila swali, maana sisi pia tunamtia bahili alama mwilini: tunasema ana mkono wa birika. Na anasema lilitumika kwa mti ambao gome lake halipishi ukuaji. Hapo nilikaa siku nyingi. Mti na ng'ombe wana ugonjwa wenye jina moja, lakini kinachotokea ndani ni kinyume. Mti una afya, unanenepa, na gome ndilo linalokataa. Ng'ombe amesinyaa, na ngozi imemfuata kwa kuwa haina pengine pa kwenda. Mti unaupasulia gome upate nafasi. Ng'ombe ukimpasua ngozi umemmaliza. Yeye anataka chakula.

Mtu akiitwa "hidebound" leo, Waingereza wengi wanasikia mambo ya mti: kuna kitu kigumu kinambana, kikatwe. Historia ya neno inasimama na ng'ombe. Nami nasimama na ng'ombe, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2010 nilimtafuta yule mzee wa kaunda suti. Alikuwa amestaafu, yuko kwake anapalilia migomba. Nilibisha hodi nikiwa na sukari kilo mbili na hofu nyingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, binti. Nakufahamu?"

Nikajitambulisha. Alinikumbuka pale pale. Aliweka jembe chini. Nikamwomba radhi, nikamweleza kosa lilivyotokea, kipande kwa kipande, kwamba hakuna aliyesema wanajificha. Nikamweleza maana ya siku hizi, na ile ya zamani ya ng'ombe, na Longido, na ngozi isiyofinyika. Alikuwa mtu wa mifugo, hakuhitaji maelezo marefu hapo. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo alisema sisi ni ng'ombe tulioganda ngozi."

"Kwa asili ya neno ndiyo, mzee. Ila yeye alikuwa na maana kwamba hamtaki kubadilika."

Alikaa kimya. Kisha akasema, polepole, "Hiyo ya asili ndiyo kweli. Mwaka ule pikipiki ya idara ilikaa bila tairi toka Januari mpaka mvua za vuli. Semina ya mwisho niliyohudhuria, mtoto wangu mkubwa alikuwa hajaoa. Nyaraka nilizokuwa nafuata nilizipokea nikiwa kijana, na nilizifuata kwa kuwa hazikuletwa nyingine. Mtu akinikuta nashikilia karatasi ya zamani anasema sitaki mpya. Aniulize kama niliwahi kupewa hiyo mpya."

Akaniita ndani, tukanywa chai. Hakunilaumu tena. Aliniuliza habari za baba kwa jina. Kumbe waliwahi kusimamia josho moja pamoja.

Basi Kiswahili chake kiwe nini? Hapa ndipo wafasiri wenzangu wananiuliza sana. Sisi hatuna desturi ya kugandisha nomino na kitenzi kuwa kivumishi kimoja kama Kiingereza. Tunasema kwa "-enye", au tunachukua kiungo cha mwili na sifa yake: mtu wa macho makavu, kichwa kigumu, moyo mzito, mkono mrefu. Ukisema "mwenye ngozi ngumu" umepotea, hapo utakuwa unamsifu mtu asiyeumizwa na maneno. "Kichwa kigumu" ni mbishi, na mbishi anaweza kuwa na mawazo mapya kila siku.

Tunalo "mawazo mgando". Linasikika redioni na majukwaani, na kila mtu analielewa. Na limetoka katika kitenzi kile kile cha baba: kuganda. Damu inaganda, mafuta yanaganda, kupe anaganda kwenye sikio la ng'ombe, mtu anaganda mlangoni hataki kuondoka, na ngozi inaganda mbavuni. Nilipogundua hivyo nilifurahi kama mtu aliyekuta fedha katika nguo ya zamani. Kitenzi kilichoniponyoka mwaka 2007 ni kitenzi nilichokisikia tangu nimezaliwa.

Kwa hiyo mara nyingi naandika "mawazo mgando", na natetea uamuzi huo. Lakini kuna kitu kinabaki nje. Mgando wa maziwa ni maziwa mengi yaliyotulia. Ni chakula, watoto wanagombea. Kinachoganda hapo kipo. Katika "hidebound" kinachoeleza hali yote ni kile kisichokuwapo, lile pengo ambalo baba alilionyesha kwa kidole aliposema hapa katikati hapana kitu. Nafasi ya kutosha ikiruhusu, kama ni makala au hotuba, naiweka picha nzima: "waliokondeana hata ngozi ikaganda mbavuni". Msomaji wa bara anayefuga haulizi swali. Wa mjini anasimama kidogo, kisha anapata. Katika ripoti ya serikali picha hiyo haikai, na ndipo kazi inakuwa ngumu.

Mwaka jana neno hilo lilinijia tena, safari hii katika waraka wa elimu, likiwaeleza walimu wakuu wa shule za vijijini. Sikufasiri. Niliwaandikia wenye waraka barua fupi nikiuliza: walimu hawa hawataki mtaala mpya, au hawajapewa? Kiingereza chenu kinaweza kubeba yote mawili, Kiswahili changu kinanitaka nichague, na watu hawa wataisoma.

Hawakujibu kwa siku mbili. Siku ya tatu waraka ukarudi umerekebishwa. "Hidebound" lilikuwa limeondolewa. Mahali pake palikuwa na sentensi mpya iliyosema kwamba walimu wakuu wengi waliotembelewa hawakuwa wamepata mafunzo ya mtaala mpya, na shule zao zilikuwa hazijapokea vitabu. Nikaifasiri ilivyo.